Nilivyoipeleka Saa ya Mama Mkubwa Maracha

Tangu nirudi, hakuna mteja anayeingia kwangu Bukoto bila kulitazama lile kabati la vioo na kuuliza, "Ayikoru, saa iko wapi?" Nimesimulia mpaka mate yamekauka, na kila nikifika panaponoga, mtu ananikatiza kuuliza kitambaa cha pazia kinauzwaje. Basi naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome huku mimi nikishona.

Kwa wale msiomjua, Mama Mkubwa ni mjane wa kaka mkubwa wa baba yangu. Hakujaliwa mtoto, na ndiye aliyenilea katika nyumba za polisi Naguru, tulipokuwa watoto wa Arua, Gulu na Kitgum, Waislamu na Wakristo, tukigombana na kupatana kwa Kiswahili. Baba Mkubwa alikuwa koplo, na kwa miaka kadhaa alilinda lango la Mfaransa mmoja pale kilimani. Mfaransa alipohama aliuza vyombo vyake. Watu wakakimbilia friji na vitanda. Baba Mkubwa akarudi nyumbani amekumbatia saa. Mama Mkubwa akamuuliza kama inapika.

Ni saa ya zamani sana, ile ambayo Wazungu huiweka juu ya meko yao ya ukutani ya kuotea moto. Sisi meko ya namna hiyo hatukuwa nayo, ikakaa juu ya kabati la vyombo. Mwili wake ni wa shaba iliyopakwa dhahabu, na juu ameketi mwanamke wa shaba aliyeegemea kapu la maua, bega moja wazi na mguu mmoja hauna kiatu. Watoto wa barracks tulimwita Madamu. Ubavuni na chini ya uso wa saa kuna vipande vya kauri ya buluu, vimechorwa kijana anayempa msichana ua, na msichana anaangalia pembeni kana kwamba ameshapewa mengi. Ina kengele pia, lakini hatukuwahi kuisikia. Baba Mkubwa alilala mchana baada ya zamu za usiku, kwa hiyo alikifunga kinyundo cha kengele kwa kitambaa, na kitambaa kikabaki hapo mpaka alipofariki. Mama Mkubwa akahamia Maracha, kwenye ardhi ya ukoo, nami akaniachia saa akisema barabara itaivunja.

Mwaka huu presha ya macho ilimaliza kuchukua macho yake yote mawili. Anaishi peke yake, na kwa kweli anajiweza. Anapika, anafua, anajua kuku wake kwa sauti. Kinachomshinda ni wakati. Akiamka hajui kama kumekucha au ni usiku wa manane. Aliwasha moto majirani wamelala, wakadhani nyumba inaungua. Alitia dawa ya macho mara mbili. Jumapili moja alisimama mlangoni pa kanisa kungali giza, akishangaa kwa nini hawaimbi. Tulimnunulia simu inayosema saa, lakini ilimsemesha Kiingereza cha puani, na kila chaji ikiisha ilibidi ipelekwe sokoni, ikikaa huko siku mbili.

Baba Mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yangu, anakaa Arua mjini. Si mtu mbaya, tuelewane. Aliona moto, akaogopa, akaita wazee wa ukoo waamue Mama Mkubwa ahamishiwe kwake. Mama Mkubwa akanipigia simu.

"Ayikoru, wanataka kwenda kunikalisha kwenye kochi la mtu mpaka nife. Niletee saa yangu. Nikiisikia ikilia nitakaa kwangu."

"Nitaileta, Mama, na itafika nzima," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Ntinda

Saa ilikuwa imesimama tangu nikiwa msichana, kwa hiyo safari ilianzia kwa fundi. Fundi Wafula ni Mkenya wa Bungoma, ana kibanda Ntinda nyuma ya duka la mikate. Foleni ya magari ya Ntinda mnaijua. Nilishuka kwenye gari la kukodi nikaenda kwa miguu, nimembeba Madamu kifuani, na madereva wakinipisha kana kwamba nimebeba mtoto mgonjwa.

Fundi aliifungua, akaisafisha, akaifanya iende. Akakitoa kile kitambaa cha Baba Mkubwa, na kwa mara ya kwanza maishani nikaisikia kengele yake. Ina sauti ya upole, ya juu kidogo, na huendelea kuvuma kidogo baada ya kupigwa. Nilifurahi nikapiga makofi.

"Sasa sikiza, dada," fundi akasema. "Ukisafiri, hii pendulamu inayoning'inia hapa nyuma utatoa. Halafu hiki kijiti kinachoisukuma utakifunga na kitambaa, kisichezecheze. Umeshika?"

"Nimeshika," nikasema. Ukweli ni kwamba nilishika nusu ya kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza sanduku.

Kampala hadi Karuma

Basi liliondoka asubuhi. Madamu alikuwa katika sanduku la mbao, amezungukwa na vipande vya mapazia ya wateja wangu, na sanduku lilikuwa miguuni pangu. Pendulamu ilikuwa kwenye mkoba, imefungwa ndani ya soksi. Nilijiona mtaalamu.

Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, Mkongomani wa makamo, akirudi kwao Ariwara. Alisema nimwite Papa Faustin. Tulipopita Luwero alinunua gonja, zile ndizi za kuchoma, dirishani, akanipa kubwa yeye akabaki na dogo, na kwa sababu hiyo nilimpenda mapema. Tuliongea habari za watoto, vitenge, na kwa nini wanaume wa Kampala hawavai rangi. Safari ilikuwa tamu hadi tulipovuka mto Kafu, basi likaanza kuruka kwenye matuta.

Papa Faustin akaacha kutafuna.

"Mama, ile kitu yako iko nasema."

Nikainama. Kutoka sandukuni ilitoka sauti ya haraka, tikitikitikitiki, kama cherehani yangu nikiwa nimechelewa na harusi ya mtu. Yale matambaa yalikuwa yamelegea, na kile kijiti nilichotakiwa kukifunga kikaanza kucheza peke yake. Saa bila pendulamu haijui mwendo. Inakimbia.

"Ni saa tu, Papa," nikasema.

"Saa ya nani iko nakimbia vile? Iko nachelewa wapi?"

Kabla sijajibu, kengele ikalia. Ikalia mara nyingi, kwa utulivu, na basi zima likanyamaza. Baada ya muda mfupi ikalia tena. Jamani, ninyi mnaoishi Kampala mnajua maana ya sanduku linalotikitika ndani ya basi. Mama mmoja mbele yangu akamshika mtoto wake na kuanza kuita Yesu. Kondakta, kijana wa Masaka mwenye kofia, akaja kwenye ujia, akasimama mbali.

"Nnyabo, mama! Bokisi yako iko narira! Iko narira nini?"

"Ni saa ya kale! Ya urembo! Ngoja nikuoneshe."

"Usifungue!" Abiria karibu wote walisema hivyo kwa pamoja, kila mtu kwa lugha yake.

Dereva hakubishana na mtu. Aliendesha moja kwa moja mpaka kizuizi cha askari kabla ya daraja la Karuma, akafungua mlango, akashuka yeye wa kwanza. Abiria wakashuka wakasimama ng'ambo ya barabara pamoja na nyani, ambao walikuwa wametulia kuliko wao. Nikabaki na sanduku langu na Papa Faustin, ambaye alisema amevimba miguu na hawezi kukimbia, hivyo hakuona sababu ya kuanza.

Askari mmoja mrefu akaja.

"Nani iko na box?"

"Mimi, afande."

"Ndani iko nini?"

"Saa."

"Saa inakaa kwa mkono, mama. Toa hiyo box, weka pale kwa nyasi. Pole pole. Fungua wewe mwenyewe. Mimi nitasimama hapa."

Nikaliweka, nikafungua. Nikatoa mapazia moja moja, mpaka Madamu akatokea na bega lake juani. Askari akasogea hatua, kisha nyingine. Akachuchumaa akamtazama sana.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Ni pambo tu, afande."

"Kwa nini hana kiatu moja?"

Nikamwambia miaka yote hatujapata jibu. Akacheka, lakini akajikaza tena.

"Kama ni saa kweli, mbona inasema uongo? Weka hiyo mishale pale inatakiwa, nione."

Mishale ilikuwa imezunguka ovyo kwa mbio zile. Nikaushika mshale mrefu na kuuzungusha haraka, raundi baada ya raundi, bila kuingoja kengele ilie kila ilipotaka kulia. Nilitaka tuondoke. Askari akalinganisha na saa yake ya mkononi, akaridhika. Kisha akauliza Kiswahili changu nimekitoa wapi, maana siongei kama mtu wa mjini.

"Naguru, kwa polisi. Nimelelewa pale."

"Aah! Mimi Nsambya. Baba alikuwa polisi pia."

"Nsambya ndio mlikuwa mnatuibia mechi, mnaleta watu wazima kucheza na watoto."

"Wale walikuwa watoto! Walikula vizuri tu." Akawaita abiria wote kwa mkono. "Kuja, kuja! Ni saa ya mama. Bomu hapana."

Safari hii nilikifunga kile kijiti kwa kitambaa, nikakaza mpaka Madamu hakuweza hata kupumua.

Pakwach

Mtu akishaogopa na kupona huwa na maneno mengi. Abiria wale wale waliokimbilia kwa nyani sasa walikuwa wenyewe wa saa. Tairi lilipopasuka karibu na Pakwach, kondakta alishuka kabla ya mtu kuomba spana, akaenda kuwatangazia wauza samaki kwamba basi lake limebeba mwanamke wa dhahabu. Wakaja. Bibi mmoja mwenye karai la samaki wa kukaanga alisikia ni sanamu, akadhani ni ya Bikira Maria. Akatua karai, akafanya ishara ya msalaba, akaomba aoneshwe.

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Nikafungua sehemu ya juu tu. Bibi akamtazama Madamu kuanzia kwenye nywele hadi kwenye bega.

"Huyu si Bikira," akasema kwa Kialur, Papa Faustin akanitafsiria. "Bikira ana adabu."

Lakini alitupa samaki mmoja mmoja bila malipo, kwa kuwa tulikuwa tumekwama, na mihogo tulinunua kwa jirani yake. Tulikula tumekaa juu ya mizigo, mikono ikinuka mafuta, upepo wa mto ukituvuma mgongoni. Papa Faustin akaniuliza saa ile ni ya nani hasa. Nikamweleza kuhusu Mama Mkubwa, na kikao cha wazee cha keshokutwa, saa sita mchana.

"Kama saa haitafanya kazi?"

"Itafanya."

"Na kama itafanya kazi na wao wakatae?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nilitafuna mfupa wa samaki kwa muda mrefu. Yule mama alinifunga nepi, akanifundisha kusoma kwa vichwa vya habari vya magazeti yaliyofungia sukari. Kumtoa kwake kwa nguvu, hata kwa upole wa ndugu, ningeliona kama kumzika akiwa anaongea. Nikamwambia Papa Faustin hivyo, akanimenyea muhogo.

Arua

Tulifika Arua giza likiingia. Papa Faustin alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimsalimie mama, akaenda kutafuta gari la mpakani. Mimi nikachukua chumba cha kulala wageni karibu na soko, na kabla ya kuoga nikamtoa Madamu. Hakuwa na jeraha hata moja. Kijana wa kwenye kauri bado alikuwa anatoa ua, msichana bado anaangalia pembeni.

Nikaning'iniza pendulamu, nikaweka mishale sawa, nikangoja. Mshale ulipofika kwenye tisa, kengele ikalia mara nne. Nikampigia Fundi Wafula, nikamweleza yote, hata nyani.

"Uliizungusha bila kuingoja ilie," akasema. "Sasa kengele imepoteza hesabu. Saa za aina hii, kengele ina hesabu yake na mishale ina yake. Lakini si kitu, dada. Angalia nyuma, chini ya kengele. Kuna kiwaya chembamba. Ukikiinua kidogo, kengele italia bila mishale kusonga. Inua mpaka hesabu ikubaliane na uso."

Nikainua. Ikalia moja ya nusu saa, nikainua, ikalia tano, nikaenda hivyo hadi ikalia tisa. Mshale kwenye tisa, kengele mara tisa. Nikasema kwa furaha, peke yangu chumbani, "Saa tatu kamili!" Nikaoga, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Hapo mkicheka mnacheka kwa haki, lakini ngojeni.

Maracha

Gari la kukodi lilinifikisha baada ya chakula cha mchana. Mama Mkubwa alikuwa amekaa barazani, mgongo umenyooka, uso umeelekezwa njiani. Alikuwa amekonda. Hakunisalimia mimi kwanza.

"Imefika?"

"Imefika, Mama."

Akanyoosha mikono. Nikamwekea Madamu mapajani, akampapasa mguu usio na kiatu, kapu, bega, kisha akateremka kwenye kauri akaipitishia kidole gumba. Machozi yakamtoka bila sauti. Yangu mimi yalitoka na sauti, sitawaficha.

Tukaiweka mezani chumbani kwake. Nikaitia mwendo, nikarudi nyuma kwa majivuno.

"Inachechemea," akasema.

"Vipi?"

"Sikiliza. Tik, halafu inakawia, tak. Inua upande wa kushoto."

Nikakunja kipande cha boksi, nikakisokomeza chini ya mguu wa kushoto. Akasikiliza, akatikisa kichwa, nikaongeza kingine. "Hapo," akasema. Kisha akasema hajalala vizuri tangu nimpigie kwamba naondoka Kampala, na sasa atajinyoosha kidogo. Kikao kilikuwa kesho yake, tulikuwa na muda. Alilala usingizi mzito sana hata kengele ilipolia hakugeuka.

Jioni, jua likizama, nikasikia gari. Ni Baba Mdogo na wazee wawili wa ukoo, wamekuja siku moja kabla. Alisema wazee wana msiba upande wa pili wa Maracha kesho mchana, hivyo afadhali neno lizungumzwe usiku huu na liishe asubuhi. Nikawakaribisha viti uani. Nikampa Baba Mdogo habari za saa kwa kujiamini kote nilikonako. "Ngoja umsikie tu atakavyojua wakati," nikamwambia.

Mle ndani kengele ikalia mara sita. Nikasikia kitanda kikilia, na viatu, na fimbo. Mama Mkubwa akatoka mbio mbio, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akageukia sauti za wageni.

"Poleni sana, ndugu zangu! Poleni! Nimelala hadi saa sita mchana kama mtoto mdogo, nimewaacha juani. Ayikoru, mbona hukuniamsha? Waingize wazee kivulini."

Hakukuwa na jua la mchana. Lilikuwa linazama, na kuku wakipanda kulala. Alikuwa ameamka, amesikia wageni wa kikao, amehesabu sita, akaamini amelala mpaka kesho yake. Wazee wakaangalia chini. Baba Mdogo akanitazama, na machoni pake hakukuwa na ushindi, kulikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Umeona, mwanangu," akasema taratibu.

Mama Mkubwa akasimama katikati ya uwanja. Aliupima ule ukimya, akaelewa amekosea, asijue amekosea wapi. "Si kengele imelia sita?" akauliza kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia na sauti ndogo.

Hapo ndipo akili yangu ilipofika, imechelewa kama basi lile. Maisha yetu yote tunaitazama saa, mshale uko kwenye saba, na mdomo unasema saa moja. Jicho linageuza lenyewe, hatulioni likifanya kazi. Mimi fundi, mimi mtaalamu, nilikuwa nimemletea mtu asiye na jicho kengele inayohesabu kwa macho. Kichwa kikiwa macho angeweza kugeuza. Mtu anayekurupuka usingizini hana nafasi ya kufanya hesabu.

Nikawaeleza wote, nikiongea haraka. Mzee mmoja alielewa akaguna. Baba Mdogo akatikisa kichwa.

"Mwanangu, sikukatalii. Lakini leo ni kengele, kesho itakuwa kitu kingine. Tutalala hapa. Asubuhi tukishakunywa chai nitasema neno, na godoro lake litaingia garini."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamshika Mama Mkubwa mkono, tukaingia chumbani kwenye saa. Nikamweleza nitakachofanya, naye akaniwekea kiganja mgongoni kama alivyozoea nikiwa nafanya kazi ya shule. Nikainua kile kiwaya. Kengele ikalia, naye akahesabu kwa sauti. Nikainua tena na tena, saba, nane, tisa, na nusu zake katikati, mpaka kumi na mbili.

"Sasa jua limezama?" akauliza.

"Limezama."

"Basi hapo. Acha hapo hapo."

Uso ukabaki na mambo yake ya Kifaransa, kengele ikawa yetu. Tuliwapa wageni enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, na kunde za ufuta, nao wakala kwa adabu bila kuongea sana. Tukiwa tunanawa, kengele ikalia mara mbili. "Saa mbili," Mama Mkubwa akasema, bila kumlenga mtu yeyote. Baba Mdogo akaangalia simu yake, akaifunika. Ilikuwa inakufa chaji, na pale hakuna umeme. Akaenda kulala.

Asubuhi

Niliamshwa na harufu ya moshi. Nje kulikuwa bado giza tupu, na nikafikiri, basi, amekosea tena, tena leo, tena mbele yao. Nikatoka bila viatu. Jikoni moto ulikuwa unawaka vizuri, sufuria ya chai juu yake, na Mama Mkubwa amechutama anachochea, kitambaa chake kimefungwa sawasawa.

"Mama, ni saa ngapi?" nikanong'ona.

"Kumi na moja imelia zamani. Na nusu imelia sasa hivi. Kwa nini unanong'ona?"

Nikasikiliza. Jogoo wa mbali alikuwa anaanza. Mbingu upande wa mashariki ilikuwa na weupe mdogo sana, ambao ungeuona tu kama unautafuta. Alikuwa sahihi. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshainuka na birika la maji ya moto, akitembea na ukuta kuelekea chumba cha wageni.

Hapo niwaeleze kwamba Baba Mdogo ni Mwislamu, tangu alipooa Arua. Mjini huamshwa na msikiti, na siku akiwa mbali huamshwa na simu. Msikiti Maracha kwetu hauko karibu, na simu ilikuwa imekufa. Mama Mkubwa, ambaye ni Mkatoliki wa rozari mkononi, akagonga mlango kwa fimbo.

"Shemeji. Shemeji, amka. Alfajiri hiyo, swala itakupita. Maji ya udhu nimekuwekea mlangoni, ni ya moto, usiyapige teke."

Kisha mlango ukafunguka, Baba Mdogo akatoka amejifunga shuka. Akaitazama mbingu, akalitazama birika, akamtazama shemeji yake aliyesimama pale na fimbo, akimsubiri. Akatawadha, akaswali uani, na alikaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko swala inavyotaka.

Tulikunywa chai kukiwa kumekucha, pamoja na wazee. Mimi nilikuwa nangoja neno. Baba Mdogo akamaliza kikombe, akakigeuza juu chini kwenye sahani, akasafisha koo.

"Shemeji," akasema, "mimi na wazee tunakwenda msibani. Nitakuja tena kukujulia hali. Nije lini?"

"Alhamisi," Mama Mkubwa akasema. "Saa nne asubuhi. Ukichelewa nitajua."